Mama alipumzika mwezi mzima, maumivu ya kalio yakazidi

Mama alinipigia simu saa moja asubuhi. Msimu wa korosho saa hiyo huwa hapatikani kabisa, maana yuko shambani na simu ameiacha nyumbani ikichajiwa. Safari hii alikuwa kitandani. "Mwanangu, kalio la kulia linawaka kama nimekalia kaa la moto," akasema, "na moto wenyewe unashuka nyuma ya paja mpaka kidole cha mwisho cha mguu. Nikikohoa ni kama nimeguswa na umeme."

Ilikuwa Oktoba. Kwetu ni upande wa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na Oktoba huko korosho zinadondoka, minada inakaribia, na kila mwenye mikorosho anahesabu kichwani ada ya nani italipwa na nini. Mama ana umri wa miaka 54. Ada ya chuo ya mdogo wangu ilikuwa bado iko juu ya miti.

Mimi ndiye mwandishi wa afya katika familia, nina shahada yangu, hivyo nikajibu kwa haraka ya mtu anayejua: "Mama, pumzika. Usiiname, usitembee, lala." Nikamtumia mkanda wa mgongo kwa basi, ule mpana wenye vyuma. Mama akatii. Alilala mwezi mzima, anaamka kula na kwenda chooni tu, na hata swala akawa anaswali amekaa kwenye kiti kwa sababu rukuu ilimshinda.

Mwisho wa mwezi huo alikuwa hawezi kunyooka. Kigimbi cha mguu wa kulia kilikuwa kimepungua, kinaonekana kwa macho. Jirani alikuwa amemchua kwa mafuta, na muuza duka la dawa alikuwa amemchoma sindano tatu za diklofenaki kwenye kalio lile lile linalouma, ingawa mama ana presha na duka la dawa si mahali pa kuchomea sindano. Na mtu mmoja wa kangomba alishafika nyumbani na fedha mkononi, tayari kununua korosho kabla hazijaokotwa kwa bei ya huruma, ili mama apate nauli ya Dar es Salaam na hela ya kipimo cha MRI. Mama alikuwa amekubali nusu. Nikaomba likizo.

Naandika haya kwa sababu najua si mama yangu peke yake. Kila ninapokwenda Masasi na Newala nakutana na mtu anayesema "nyonga", "kiuno", "mshipa" au "baridi yabisi", na ukimwomba aoneshe kwa mkono, mkono unakwenda kwenye kalio kisha unashuka nyuma ya mguu. Na karibu wote wameambiwa neno lile lile nililomwambia mama.

Tulikwenda hospitali moja huko chini ya uwanda yenye chumba cha fiziotherapia. Mtaalamu alikuwa kijana wa rika langu, amesomea KCMC kule Moshi. Alimwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamwuliza maswali kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea kabla ya kumgusa. Maumivu yalianza lini? Yanafika wapi? Yanazidi ukiinama au ukisimama? Mkojo unatoka sawasawa? Haja kubwa je? Sehemu za siri na kati ya mapaja kuna ganzi? Uliwahi kuanguka? Homa? Umepungua uzito? Kikohozi cha muda mrefu?

Kisha akamwambia atembee kwa visigino. Mama akaweza. Akamwambia asimame kwa ncha za vidole, mguu mmoja mmoja. Kushoto aliweza mara kumi. Kulia kisigino kilikataa kuinuka hata mara mbili. Akamlaza chali akauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, polepole. Kabla haujafika nusu ya njia mama akapiga kelele. Akamgusa kwa ncha ya kijiti pembeni mwa unyayo, karibu na kidole kidogo, mama akasema anahisi kama anaguswa juu ya soksi.

"Mama, hii siyo nyonga," akasema. "Nyonga yako ni nzima. Hii ni neva ya siatiki, na inabanwa huku juu, kwenye mgongo."

Neva ya siatiki ndiyo mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, unene wake ni kama wa kidole. Inaundwa na mizizi inayotoka kwenye pingili za chini za mgongo, inapita ndani ya kalio chini ya msuli mdogo uitwao pirifomisi, inashuka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika kwenda mguuni hadi vidoleni. Ikibanwa popote njiani, ubongo haujui kusema "nimebanwa mgongoni". Unasikia maumivu kule ambako waya unaishia. Ndiyo maana mama alikuwa anachuliwa kalio na kigimbi kwa wiki nne wakati tatizo liko kiunoni.

Kwa watu wengi kinachobana ni diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Ukiinama kwa saa nyingi siku nyingi, mto unasukumwa nyuma, na siku moja unatokeza na kuugusa mzizi wa neva. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio walioeleza jambo hili vizuri mwaka 1934, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walidhani dawa ni kisu. Siku hizi inajulikana kwamba diski nyingi zilizotokeza husinyaa zenyewe, mwili unazila kidogo kidogo, na wagonjwa wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Hapo nikauliza kuhusu MRI, maana tulikuwa karibu kuuza korosho kwa ajili yake. Akanijibu kwamba picha inahitajika pale ambapo itabadilisha matibabu: dalili za hatari zikiwapo, nguvu za mguu zikiendelea kupungua, au kama wiki nyingi za tiba hazijaleta kitu na daktari anafikiria upasuaji. Kwa mama, alitaka apimwe tena nguvu za kisigino baada ya wiki mbili. Zikiwa zimeshuka, angeandika rufaa siku hiyo hiyo. Zikiwa zimepanda, fedha ibaki nyumbani. Alisema pia kwamba watu wengi wa umri wa mama wasio na maumivu yoyote wakipigwa picha wanakutwa na diski zilizotokeza, kwa hiyo picha peke yake inaweza kumtisha mtu bure.

Na kupumzika? Hapa nilitamani ardhi inimeze. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 183 wa siatiki: nusu walilazwa kitandani wiki mbili, nusu waliambiwa waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kulala hakukuwa kumeongeza kitu. Hao walilala wiki mbili. Mimi nilimlaza mama mwezi, misuli ikanywea, na juu ya hapo nikamfunga mkanda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, linapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na halipendekezi mikanda ya kiuno itumike kama tiba ya kawaida. Mkanda wa mama sasa unafungia mlango wa banda la kuku.

Zoezi la kwanza alilopewa lilikuwa rahisi hadi mama akadhani anataniwa: kulala kifudifudi kwenye mkeka. Dakika mbili tatu, mikono pembeni, anapumua. Kisha kujiinua kwa viwiko, kifua juu, tumbo na nyonga zibaki chini, dakika mbili nyingine. Mtaalamu alikaa pembeni anauliza swali moja tu, mara kwa mara: "Maumivu yako wapi sasa?" Mwanzoni mama alisema kidoleni. Kisha kigimbini. Baada ya muda akasema, kwa mshangao, "Yamepanda kwenye kalio. Ila kiuno kinauma zaidi."

"Hizo ni habari njema," mtaalamu akasema.

Hili ni jambo ambalo ningependa kila msomaji mwenye maumivu ya aina hii alielewe, kwa sababu linakwenda kinyume na akili ya kawaida. Maumivu yakihama kutoka mguuni kupanda kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda, neva inaachiliwa. Maumivu yakishuka kutoka kiunoni kwenda mguuni, au ganzi ikiongezeka, zoezi hilo siyo lako, acha. Habari hii iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake mwenye maumivu ya mguu alale kifudifudi akimsubiri. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa, mgonjwa akalala hivyo hivyo mgongo umepinda kinyumenyume. McKenzie aliporudi alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena.

Wiki ya kwanza mama alifanya hilo tu, mara nne au tano kwa siku, pamoja na kutembea. Kutembea kulianza na dakika kumi, barabarani mbele ya nyumba, asubuhi na jioni, na kuongezwa dakika mbili kila baada ya siku mbili. Kukaa kulipunguzwa: dakika 20 kwenye kiti kisha anainuka. Nyumbani kwetu kigoda ndicho kiti cha jikoni, na kigoda kwa mgonjwa wa diski ni adui, maana magoti yanakuwa juu ya nyonga na mgongo unapinda. Tulipandisha jiko juu ya matofali.

Wiki ya pili likaongezwa zoezi la kutelezesha neva. Mama anakaa kwenye kiti kirefu, mgongo wima. Anaunyoosha mguu wa kulia mbele polepole huku akiinua uso kutazama dari. Anaukunja tena huku akishusha kidevu kifuani. Mara kumi, bila kushikilia mwisho, kama uzi unaovutwa ndani ya pindo la nguo na kurudishwa. Mtaalamu alisisitiza kwamba hii siyo kunyoosha. Neva iliyokasirika ukiivuta na kuishikilia inazidi kukasirika, na wale wanaoweka kisigino mezani na kujivuta kwa nguvu wanajiumiza.

Baada ya siku 14 tulirudi. Kisigino cha kulia kiliinuka mara nne. Fedha ikabaki nyumbani, na yule wa kangomba akaambiwa asante.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kurudisha nguvu, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huiacha kwa sababu maumivu yameshapungua. Daraja: unalala chali, magoti umeyakunja, unakaza makalio na kuinua kiuno mpaka kifua na magoti vinyooke mstari mmoja, unahesabu hadi tano, unashuka. Mara nane hadi kumi, unapumzika, unarudia. Halafu kukaa kwa mikono na magoti na kunyoosha mkono wa kushoto na mguu wa kulia kwa pamoja bila kiuno kuyumba, kisha upande mwingine. Halafu kuinuka kwa vidole umeshika ukuta, kwa ajili ya kile kigimbi. Mwisho wa yote, kujifunza upya kuinama: makalio yarudi nyuma kama unafunga mlango nayo, magoti yalegee, mgongo ubaki umenyooka, mzigo ukae karibu na tumbo. Mama alisema anajisikia kama mtoto anayefundishwa kusimama dede.

Kanuni ya maumivu ilikuwa hii: kama maumivu kamili ni kumi, zoezi likipandisha hadi tatu au nne na yakatulia kabla ya kesho asubuhi, endelea. Yakizidi hapo au yakilala nawe hadi kesho yake, punguza, usiache kabisa. Jumla ilikuwa kama dakika 15, mara mbili kwa siku. Dakika 15 za mama mwenye shamba, wajukuu na maji ya kuteka si kitu kidogo. Siku alizoruka zilikuwa nyingi, asiwadanganye mtu.

Sasa niseme kosa langu la pili.

Mama mdogo anaishi Masasi mjini, ana miaka 48. Aliposikia dada yake anapona, akaniambia na yeye "ana hiyo hiyo", kalio la kushoto. Nikamtumia kwenye WhatsApp video ya zoezi maarufu la kunyoosha kalio: unalala chali, unapandisha kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine na kuvuta paja kifuani. Kwa mtu ambaye msuli wa pirifomisi umekaza na kuibana neva, zoezi hilo sekunde 20 au 30, mara tatu, linaweza kusaidia. Mama mdogo alilifanya kwa bidii kila siku. Baada ya wiki mbili alikuwa hawezi kupanda ngazi za kanisani.

Nilimpeleka kwa mtaalamu yule yule. Alimwambia aoneshe kwa kidole kimoja panapouma. Mama mdogo hakuonesha kalio kwa nyuma. Alionesha ubavuni, kwenye ule mfupa wa nyonga unaoushika ukiweka mkono kiunoni ukateleza chini kidogo. Hana ganzi. Hana umeme. Halali ubavu huo usiku. Akisimama kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, maumivu yanakuja. Kumbe ni kano za misuli ya kalio pale zinapojishika kwenye mfupa, zimechoka na kudhoofu. Tatizo hili ni la wanawake zaidi, hasa baada ya miaka 40, na kuzinyoosha ni kuzibana kwenye mfupa, ndicho nilichokuwa nimemwagiza afanye kila siku.

Dawa yake ikawa karibu kinyume: asikalie miguu aliyoipishanisha, alale na mto kati ya magoti, na asisimame ameegemea nyonga moja. Hapo pa mwisho pana utata, maana wanawake wa kwetu mtoto tunambeba nyongani, na mama mdogo ana mjukuu wa mwaka mmoja na nusu asiyekubali kushushwa. Kisha mazoezi: daraja, kupanda na kushuka ngazi moja polepole mbele ya kioo bila nyonga kushuka upande, na kutembea upande upande kama kaa hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Huko Australia mwaka 2018 walichapisha utafiti wa watu 204 wenye tatizo hili. Baada ya wiki nane, waliofundishwa mazoezi na namna ya kuishi na nyonga zao, zaidi ya watatu kati ya kila wanne walisema wamepata nafuu nzuri. Waliochomwa sindano ya steroidi walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Walioambiwa wasubiri tu hawakufika theluthi.

Kwa hiyo ukiona video ya mazoezi kwenye kundi la familia, hata kama imetumwa na binti wa gazetini, uliza kwanza panapouma ni wapi.

Kwenye benchi la chumba kile niliketi na mama mmoja kijana aliyempakata mtoto wa miaka minne hivi. Mtoto alipotembea, unyayo wa kushoto uliburuza chini kama kandambili iliyokatika. Mama yake akanisimulia: homa kali, sindano kalioni, na kesho yake mguu ukawa hivyo. Wazazi wenzake wengi wa Uganda wanaijua hadithi hiyo; madaktari wa huko wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya sindano za kwinini kwenye kalio. Kalio la mtoto mdogo lina nyama kidogo na neva iko karibu sana. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza atesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na sindano ya msuli kwa mtoto mdogo mahali salama ni pajani, kwa mbele upande wa nje, pale pale anapochomwa chanjo. Mzazi una haki ya kusema kwa heshima, "Naomba achomwe pajani." Una haki pia ya kuuliza kama dawa ya kunywa haitoshi.

Na kama imeshatokea, usingoje. Mtoto anayeburuza unyayo anahitaji fiziotherapia ndani ya siku chache: kunyooshwa kifundo kila siku kisikaze, kifaa cha kushikilia unyayo usining'inie, na mazoezi ya kuamsha misuli kwa njia ya mchezo. Neva hukua polepole, kama milimita moja kwa siku, na kutoka kalioni hadi mguuni ni safari ya miezi mingi. Wapo wanaopona vizuri. Wengi walioachwa wamekaza vifundo na wanahitaji upasuaji baadaye. Yule mtoto alikuwa anarusha mpira wa makaratasi kwa mguu mbovu na kucheka kila unapopita chini ya meza.

Kabla sijarudi Newala, niandike dalili ambazo siyo za mkeka wala za kusubiri. Mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, haja kubwa kutoka yenyewe, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hiyo ni dharura, usiku huo huo hospitali, kwa sababu neva zinazobanwa hivyo zikipita saa nyingi hazirudi. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe kifua kikuu, maana hukaa pia kwenye uti wa mgongo na mazoezi hayakitibu. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho au mwembe apigwe picha kwanza. Aliyewahi kuugua saratani, au baba mtu mzima mwenye shida ya mkojo na maumivu ya mifupa yasiyolala usiku, aonwe na daktari. Na unyayo unaodondoka ghafla, kwa mtu wa umri wowote, usiite ganzi ya kawaida.

Mama alirudi shambani Desemba, wiki ya sita, akiwa na masharti. Kuokota korosho ni kuinama mara elfu: unainama, unaokota, unaitenganisha na bibo, unaiweka kwenye kikapu, hatua mbili, unainama tena. Sasa anapiga goti moja chini, kila mara anabadilisha goti, na kwanza anazikusanya kwa reki ndefu zifanye lundo ili aokote nyingi mahali pamoja. Kila baada ya nusu saa hivi anasimama, anaweka mikono kiunoni na kujikunja nyuma mara tano. Wenzake walimcheka wiki ya kwanza. Gunia hagusi, wanabeba vijana. Maji, ambayo kwetu ni habari nyingine kabisa kwa sababu juu ya uwanda hakuna mto na wanawake wa zamani walishuka bondeni kuyafuata, anateka kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, badala ya ndoo ya lita 20 inayoinuliwa kutoka chini.

Msimu haukuwa mzuri. Korosho za wiki za mwanzo tuliokotesha kwa vibarua na sehemu ikanyeshewa ikaharibika daraja. Zilizobaki zilipita chama cha msingi na mnadani kama kawaida. Ada ya mdogo wangu ililipwa nusu Januari, nusu Machi.

Nilipomwona mara ya mwisho, mama alikuwa anasimama kwa vidole vya mguu wa kulia mara tisa. Pembeni mwa unyayo bado kuna ganzi, kama soksi, na mtaalamu alimwambia huenda ikachukua mwaka mzima au isiondoke yote. Anasujudu bila kiti. Mazoezi ya jioni anayafanya, ya asubuhi anasema ameyafanya. Mama mdogo analala ubavu wa kushoto kwa saa mbili tatu kabla ya kugeuka, na ngazi za kanisani anapanda ameshika ukuta. Mjukuu bado anabebwa nyongani, ila sasa ni nyonga ya kulia.